Umri na Urafiki Darasani: Mfano wa Carama

Watu wengi huona ni jambo la kawaida mtoto kusoma na wenzake wa umri mmoja. Insha hii inaonyesha kwamba mpango huo una historia yake, na kwamba sisi wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, tumeonja mpango mwingine.

Mfano unaotajwa sana ni Shule ya Quincy, mjini Boston, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1848. Huko kila ngazi ilipewa chumba chake na mwalimu wake. Shule za wamisionari na za serikali ya kikoloni zilituletea madarasa ya namna hiyo. Lakini katika madrasa, kama zile za mtaa wa Buyenzi, mwanafunzi hupimwa kwa mahali alipofika katika kusoma Kurani, si kwa miaka yake. Mkubwa humsikiliza mdogo.

Hata katika shule za serikali, vita vilivuruga hesabu ya umri. Baada ya mwaka 1993 watoto wengi walipoteza miaka ya masomo. Mwaka 1995 familia nyingi za Kinama na Kamenge zilikimbia, na Warundi wengi walikuwa kambini Tanzania. Mwaka 2005 Rais Nkurunziza alipofuta karo ya shule ya msingi, wadogo na wakubwa waliingia kwa pamoja. Tena kurudia darasa kulikuwa jambo la kila mwaka, hasa darasa la sita, kwa sababu ya mtihani wa taifa wa kuingia sekondari.

Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka 7. Jirani yangu wa benchi alikuwa na 13. Mimi nilimwonyesha herufi. Yeye alituamua tulipogombana, akatuvusha barabara, akanifundisha kuhesabu chenji. Hadi leo namwita kaka. Lakini wenzake mtaani walimcheka kwa kukaa na watoto, na alipofika darasa la nne aliacha shule, akaendesha baiskeli ya abiria. Kwa hiyo mchanganyiko ulitufaa sisi wadogo kuliko ulivyomfaa yeye.

Je, rika moja ni jambo baya? Hapana. Wakikuyu na Wamasai wamejenga umoja mkubwa juu ya rika. Lakini kwao kila rika lina wajibu kwa lililo juu na lililo chini yake. Shule imechukua rika ikaacha wajibu huo.

Tangu mageuzi ya mwaka 2013, shule ya msingi ina miaka 9, na mtoto wa darasa la kwanza anacheza uwanja mmoja na kijana wa darasa la tisa. Hata hivyo kila darasa hukaa na lake. Kwa maoni yangu, saa moja kwa wiki ya wakubwa kuwasomesha wadogo ingerudisha undugu tulioupata kwa bahati, bila kumwaibisha aliyechelewa.