Kiungio cha mzunguko cha kimiminika

Kiungio cha mzunguko cha kimiminika *nm* [ki-/vi-] (wingi: *viungio vya mzunguko vya kimiminika*): kifaa cha mitambo kinachopitisha maji, mafuta au kimiminika kingine kati ya sehemu iliyosimama na sehemu inayozunguka, bila kuvuja na bila kuzuia mzunguko.

Matumizi katika rada

Antena ya rada inayozunguka mara 12 kwa dakika hukamilisha mizunguko 17,280 kwa siku. Pale ambapo mtambo wa kurusha mawimbi umo chumbani, chini ya antena, hupozwa hukohuko. Lakini zipo rada ambazo mamia au maelfu ya vipande vya kurushia na kupokelea mawimbi vimefungwa ndani ya antena yenyewe. Sehemu kubwa ya umeme unaoviingia hugeuka joto, na joto lisipoondolewa vipande hivyo hupungua nguvu na kuharibika mapema. Hewa ya feni isipotosha, hutumiwa kimiminika, mara nyingi maji yaliyochanganywa na glikoli. Pampu na rejeta zikiwa chini, mpira wa maji uliofungwa moja kwa moja kwenye antena ungejisokota hadi ukatike. Kiungio huondoa tatizo hilo.

Utendaji

Kiungio kina nusu mbili: moja imefungwa kwenye kitako, nyingine huzunguka pamoja na antena juu ya beringi. Ndani yake mna njia mbili, ya kupandisha kimiminika baridi na ya kurudisha kilichopata joto. Baina ya nusu hizo huwekwa sili. Katika aina moja, nyuso mbili laini za kaboni au seramiki hubanwa pamoja kwa springi na kulainishwa na utando mwembamba wa kimiminika chenyewe.

Kwa mfano, lita 30 za maji kwa dakika zikichukua joto la kilowati 20, hurudi zikiwa na joto lililoongezeka kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Glikoli ikiongezwa, ongezeko huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hubeba joto kidogo kuliko maji matupu.

Uteuzi wa maneno

*Kiungio* ni bora kuliko *kiungo*, neno ambalo tayari lina maana ya sehemu ya mwili na ya kikolezo cha chakula. *Kiungio kinachozunguka* hupotosha, kwa kuwa nusu yake haizunguki. *Kiungio cha mzunguko wa maji* nako huleta maana nyingine: maji ndiyo yanayozunguka, kama damu mwilini. *Giligili* hujumuisha vimiminika na gesi. Itumike pale tu kifaa kinapopitisha vyote viwili.

Katika mhimili huohuo wa rada huweza kuwamo pia *pete za kupitishia umeme* na *kiungio cha mzunguko cha mawimbi*. Mwongozo unaoviita vyote "kiungio" humwacha fundi akibahatisha afungue kipi.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa *kitundu cha mvujo*, ambacho katika baadhi ya viungio huwekwa makusudi ili kimiminika kinachopenya sili kitoke nje kabla ya kufika kwenye beringi au pete za umeme. Kikitafsiriwa "tobo", fundi anaweza kukiona kuwa ni kasoro na kukiziba. Kimiminika kitatafuta njia nyingine, na dalili ya kuchakaa kwa sili itakuwa imefichwa.

Kupoa na kupoza

Kimiminika *hupoza* antena. Antena *hupoa* au *hupozwa*. "Maji yanapoa antena" si sahihi.

Mifano

- Mafundi walisimamisha antena kabla ya kufungua kiungio cha mzunguko cha kimiminika.
- Matone kwenye kitundu cha mvujo yakiongezeka, sili zikaguliwe, kitundu kisizibwe.