Ngege na Macho ya Wavu

Wavu wa makila ulipofika Ziwa Victoria mwaka 1905, ulinasa samaki aitwaye ngege kwa wingi ambao mitego ya kienyeji, yaani migono na majuya ya mafunjo, haikuwahi kuufikia. Reli ilikwisha fika Kisumu, soko likawa wazi. Baada ya miaka ishirini hivi kila wavu ulirudi na samaki wachache. Michael Graham, mtaalamu wa samaki aliyechunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5, na pendekezo hilo likawa sheria. Atasema mtu: basi, ufundi ulijirekebisha. Hata kidogo, inchi 5 zilikuwa sheria, si uvumbuzi, na mvuvi mwenye wavu mtupu hununua wenye macho madogo zaidi. Nailoni ya miaka ya 1950, nyepesi na isiyooza, iliongeza nguvu ya mtumbwi, si uzazi wa ngege, nao wakaadimika hata kabla sangara, samaki aliyeletwa ziwani, hajatawala.