Carr yenye "r" mbili

Wasee, leo tuko na neno moja la Kizungu: carr. Si gari, hili liko na "r" mbili. Maana yake ni msitu uliosimama kwenye maji, miti juu, matope na vyura chini. Waingereza wengi wenyewe hawalijui.

Na hata si lao. Waviking walisema kjarr, yaani vichaka. Karne ya 9 walivamia Uingereza, halafu wengi wakabaki huko wakilima. Vinamasi vya kaskazini na mashariki vikashika neno lao. Kuna mji wa pwani unaitwa Redcar. Leo unaona nyumba na lami, lakini jina bado linasema kinamasi cha matete.

Usicheke. Hata sisi tunapanda matatu ya Nanyuki kila siku, na jina hilo linatokana na neno la Kimaasai la wekundu. Wangapi kwenye steji wanajua?

Sasa, huku Nyeri carr ilikuwa wapi? Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka wa 1940. Kwenye kitabu chake Unbowed anaeleza kuhusu mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mamake alimkataza kuokota kuni hapo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo kijito kilitoka ardhini, na yeye akicheza humo aliona mayai ya vyura akadhani ni shanga, akataka kuyavaa shingoni. Sawa, si carr kamili, lakini ni ndugu yake.

Alipokuja kurudi kutoka masomoni Marekani, mwenye shamba alikuwa ameukata mti apande chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Baadaye ndio alielewa kazi ya mugumo: mizizi yake hushuka mpaka kwa maji ya chini, na maji hupata njia ya kupanda. Manze, mamake alijua la kufanya bila kusoma jiolojia.

Mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito. Huko ushago kwetu bado imesimama. Juzi shosho alichukua jembe akaniambia anashuka mtoni. Nikamfuata. Tulipata mstari wa mikaratusi ya jirani, na nduma tatu zimekunja majani.

"Shosho, mto uko wapi?"

"Si ndio huu umesimama ndani?"