Samaki Aliyefikiri Baada ya Kufa

Mwaka 2009, huko Marekani, Craig Bennett na wenzake walitangaza jaribio ambalo ukilisikia utadhani ni la kichekesho. Walimlaza samaki aina ya samoni ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, wakamwuliza kila mtu pale ana hisia gani. Samaki mwenyewe alikwisha kufa. Kumbe kompyuta ilipomaliza hesabu, ndani ya kichwa cha marehemu kulionekana sehemu “zinazofanya kazi”!

Usicheke kwanza, msomaji. Jamaa hawa walikuwa na maana yao. Njia hii, ambayo Seiji Ogawa aliieleza mwaka 1990, haipigi picha ya mawazo. Hufuata mabadiliko ya oksijeni katika damu. Picha ya ubongo hugawanywa katika maelfu ya vijichemraba, na kila kimoja huulizwa: umebadilika kweli, au ni bahati tu? Kwa samoni viliulizwa 8,064. Ukiruhusu kosa moja katika kila 1,000, utapata makosa kama 8, hata kwa maiti. Wao walipata 16. Waliporekebisha hesabu kufuatana na wingi wa maswali, vyote vikatoweka.

Lakini mambo huanza kabla ya kuhesabu. Picha hunyooshwa kwa sababu kichwa hutikisika. Halafu hutiwa ukungu, yaani kila kijichemraba huchanganywa na jirani zake ili kelele zipungue. Ukungu wa milimita ngapi? Hapo anachagua mtafiti. Mwaka 2012 Joshua Carp alichukua jaribio moja tu akalichambua kwa njia 6,912, na majibu yakahamahama. Alipitia pia makala 241 za wengine, akakuta nyingi hazisemi hatua muhimu zilizofuatwa. Sasa utamkagua vipi mtu aliyeficha mapishi yake?

Kishindo kikubwa kilikuja 2016. Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walitumia picha za watu wazima wa afya 499 waliolala tu wakipumzika, wakazichambua kana kwamba walikuwa na kazi ya kufanya. Majibu ya uongo yalitakiwa yawe asilimia 5. Kwa baadhi ya mipangilio yakafika 70! Programu zilikuwa zimekisia vibaya jinsi ukungu unavyosambaa. Eti wenyewe nao waliandika kwamba makala 40,000 zimetiwa shaka, kisha ikabidi waisahihishe kauli hiyo. Hesabu haina mwenyewe, bwana.

Sisi tunaoota kuandika riwaya tungefurahi kisa kimoja kikisimuliwa namna 70. Hilo lilitokea kweli, matokeo yakatolewa 2020: vikundi 70 vya watafiti vilipewa picha zile zile za watu 108 na maswali 9. Hakuna vikundi viwili vilivyopita njia moja, na kwa maswali kadhaa wengine walisema ndiyo, wengine hapana. Utafiti wa namna hii ndio hutegemewa kueleza magonjwa ya akili. Walipotafuta chanzo cha tofauti, kimojawapo kikawa ule ukungu.