Kelele za Breki na Funzo Lake

Msomaji, ukisimama kando ya barabara kuu ya Mombasa, mahali ipitapo karibu na vilima vya Lukenya katika Machakos, utasikia magari yakipunguza mwendo, na baadhi yao yakitoa ukelele mkali. Huenda mmoja wa wenye magari hayo amebadilisha pedi za breki kwa mikono yake nyumbani juzi tu, naye anashangaa: pedi ni mpya, kelele zatoka wapi? Swali hilo si geni. Limeisumbua motokaa tangu utoto wake, na jibu lililotolewa zamani liligharimu maisha ya watu.

Hapo mwanzo breki ilikuwa kipande cha mti kilichosukumwa juu ya gurudumu. Mwezi wa Agosti 1888, Bertha Benz aliendesha motokaa ya mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani. Miti ya breki ilipolika, alimwomba mshona viatu aipigilie ngozi. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kazi ya kutengeneza vitu vya kuvalisha breki, kazi iliyozaa kampuni ya Ferodo.

Mwaka 1902 Frederick Lanchester wa Birmingham alipata hataza ya breki ya sahani, yaani duara la chuma lizungukalo pamoja na gurudumu, likabanwa na pedi pande zote mbili. Wazo lilikuwa jema, lakini pedi zake zilikuwa za madini matupu, na madini yakisuguana hupiga kelele zisizovumilika. Frood akaleta dawa: pedi zenye asbesto, jiwe la nyuzinyuzi lisiloungua. Kelele zikapungua, na asbesto ikaenea duniani. Mwaka 1953 Jaguar yenye breki za sahani ilishinda mashindano ya Le mans, Ufaransa, na breki za namna hiyo zikazidi kupendwa.

Lakini vumbi la asbesto huharibu mapafu na kuleta saratani. Mwaka 1924 daktari William Cooke aliandika juu ya kifo cha mwanamke aliyefanya kazi katika kiwanda cha asbesto. Hata hivyo Uingereza haikuzipiga marufuku aina zote mpaka mwaka 1999. Katika miaka hiyo 75, mafundi wengi walipuliza vumbi la breki kwa vinywa vyao bila kujua walivutalo. Kelele zilinyamazishwa, lakini hatari ilibaki.

Basi sisi tusikimbilie kunyamazisha. Tutafute sababu kwanza. Pedi ikisugua sahani hutetemeka upesi mno, kama uzi wa zeze unapopitishwa upinde, na mtetemo huo ndio tuusikiao. Pedi mpya na sahani ya zamani hazijazoeana. Aghalabu hutulia baada ya kufunga breki kwa wastani mara kadhaa, mahali pasipo na magari. Zisipotulia, gari liinuliwe na kuegemezwa imara, kisha uangalie: Je, vibati na vibanio vya pedi vyote vimerudishwa? Je, pini ambazo kibanio kikubwa huteleza juu yake zimekauka grisi? Je, changarawe imenasa, au sahani imechimbika mifereji? Je, pedi ya upande mmoja imelika kuliko mwenzake? Hiyo ni ishara kwamba kitu fulani kimekwama. Grisi maalumu ya breki hupakwa juu ya pini na mgongoni mwa pedi. Usoni mwake, kamwe! Ukipaka huko kelele zitakoma, na gari nalo halitasimama.

Tena, kuna ukelele uliowekwa kwa makusudi. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma ambao huigusa sahani pedi ikikaribia kwisha, ili dereva aonywe. Na ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, usiendeshe tena; mwite fundi. Kuhusu vumbi, lifute kwa kitambaa kibichi wala usilipulize, kwa maana hujui pedi za zamani zilitengenezwa kwa nini.

Dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeziba masikio hakuizuia mvua, na wale waliofurahia ukimya wa asbesto hawakuuzuia ugonjwa. Kila kelele, msomaji, iulize kwanza inasema nini.