Mlinganisho wa kudhania: "as if", "like" na "such as" katika Kiswahili

Sarufi ya Kiingereza ina kundi dogo la maneno linalomchosha mfasiri kuliko maneno mengi marefu: "as if", "as though", "like" na "such as". Kwa kuwa yote huweza kufasiriwa "kama", ni rahisi kuyachukua kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Kazi zake hazifanani. "As if" na "as though" hutanguliza jambo tunaloombwa tulidhanie ili tulielewe lile lililopo mbele yetu. "Such as" hutanguliza kitu halisi kilichotolewa katika kundi lake ili kiliwakilishe. "Like" hufanya kazi zote mbili. Anayefasiri bila kutenganisha kazi hizi humpa msomaji wa Kiswahili sentensi iliyonyooka kisarufi lakini inayosema jambo jingine.

Tuanze na kazi ya kwanza. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1985, wanavitaja vishazi tegemezi vya ufanano na ulinganishi, na ndani yake wanatenga ulinganishi wa jambo la kweli na ulinganishi wa jambo la kudhaniwa. Huu wa pili ndio ninaouita hapa mlinganisho wa kudhania. Istilahi ambayo wengi wangeikimbilia ni "tashbihi", lakini tashbihi tuliyofundishwa darasani hufananisha kitu na kitu: mweupe kama theluji, mkali mithili ya pilipili. Mlinganisho wa kudhania hufananisha tukio na tukio, na tukio la pili linaweza kuwa halijatokea wala halitatokea. Wengine wangependa "mlinganisho dhahania". Ubaya wake ni kwamba wanafunzi wamekwisha kulizoea neno "dhahania" katika nomino dhahania, yaani upendo, uhuru na wenzake, ambako lina maana ya kisichoshikika. Kitenzi "kudhania" kinafaa zaidi, kwa sababu kinakumbusha kwamba kuna mtu anayedhani, na mtu huyo ndiye ufunguo wa suala lote.

Kiingereza humwonyesha mtu huyo kwa umbo la kitenzi. Chukua sentensi hii: "She talks as if she were the owner." Mama anaongea dukani, na msemaji anajua kwamba duka si lake. Neno "were" linaonekana kama la wakati uliopita, lakini halisemi lolote kuhusu jana. Linatangaza tu kwamba msemaji haliungi mkono wazo hilo. Mfasiri asiyelijua hili huandika: "Anaongea kana kwamba alikuwa mwenye duka." Msomaji wa Kiswahili atafahamu kwamba mama huyo aliwahi kumiliki duka, labda akaliuza au akafilisika. Hadithi nzima imezuliwa na kitenzi kimoja. Kiswahili hakihitaji kurudisha kitenzi nyuma, kwa kuwa shaka imekwisha kubebwa na kiunganishi: "Anaongea kana kwamba yeye ndiye mwenye duka." Hata tukio zima likiwa la jana, kishazi tegemezi hubaki na wakati wake: "Aliongea kana kwamba yeye ndiye mwenye duka", "Alikimbia kana kwamba anafukuzwa na simba." Kuandika "kana kwamba alikuwa akifukuzwa" kunaeleweka, ila sikio linahisi Kiingereza chini yake.

Sasa geuza kitenzi: "She talks as if she is the owner." Hapa msemaji ameacha mlango wazi, huenda mama huyo ni mwenye duka kweli. Kwa kuwa katika Kiswahili shaka imo katika kiunganishi, hapo kiunganishi ndicho kinachopaswa kubadilika: "Kwa anavyoongea, huenda ndiye mwenye duka." Tofauti hii inaonekana wazi zaidi katika maneno ya kila siku kuhusu hali ya hewa. "It looks as if it's going to rain" si mlinganisho wa kudhania hata kidogo. Ni utabiri. "Inaonekana mvua itanyesha" inatosha, au "Kuna dalili ya mvua." Ukiandika "Inaonekana kana kwamba mvua itanyesha", mkulima atabaki akijiuliza kama aanike mahindi au ayaanue.

Kwa nini "kana kwamba" lina uzito huo? Kiini cha "as if" ni sentensi iliyofupishwa: anaongea kama ambavyo angeongea iwapo angekuwa mwenye duka. "As" hulinganisha, "if" huweka sharti. Katika Kiswahili kazi hizo mbili zote hufanywa na "kama", na hatuwezi kusema "kama kama". Lugha ikapata njia nyingine. "Kana" ni umbo la "kama" linalosikika katika lahaja za kaskazini na katika tungo za kale, na "kwamba" limetokana na kitenzi cha zamani "kuamba", yaani kusema. Kwa asili, basi, "kana kwamba" ni sawa na kutamka "kama kusema kwamba". Dhana inawekwa mdomoni kama kauli, na msemaji hajaithibitisha.

Hicho si chombo pekee tulicho nacho, na mwandishi anayekitumia katika kila sentensi anajinyima. "Utadhani" na "ungedhani" humwingiza msikilizaji mwenyewe kuwa ndiye anayedhani: "Anavyoongea, utadhani duka ni lake." Hiki ni chombo cha mazungumzo na cha masimulizi, chenye uchangamfu ambao "kana kwamba" halina. Cha tatu ni "kama" likifuatwa na kirejeshi: "Alinitazama kama aliyeona jini", "Anatembea kama asiyejua aendako." Kwa maoni yangu, hapa ndipo Kiswahili kinapokishinda Kiingereza kwa ufupi. Neno moja, "aliyeona", limebeba mtendaji, wakati na dhana nzima, wala hakuna aliyehitaji kishazi kirefu. "Mithili ya" nalo hutaka nomino mbele yake, kwa hiyo linafaa tashbihi kuliko matukio.

Kuhusu "like", Waingereza na Wamarekani wenyewe wamegombana sana. Wahifadhi wa lugha walishikilia kwamba neno hilo lisitangulize kishazi chenye kitenzi, kwamba hapo mahali pake ni "as" au "as if". Mwaka 1954 tangazo la sigara za Winston lilipolitumia kinyume cha kanuni hiyo, malalamiko yalienea nchini Marekani. Leo "like" la namna hiyo linasikika kila mahali katika mazungumzo. Ugomvi huo ni wao. Mfasiri wa Kiswahili ana swali moja tu la kuliuliza "like" kila anapokutana nalo: hapa unadhania, au unatoa mfano?

Kazi hiyo ya pili, ya kutoa mfano, ndiyo inayoweza kuleta madhara ya mwili. Fikiria karatasi ya maelekezo ndani ya boksi la dawa ya maumivu: "Do not take with other painkillers such as ibuprofen." Tafsiri ya haraka ni "Usitumie pamoja na dawa za maumivu kama ibuprofeni." Msomaji anaweza kuelewa kwamba zinazokatazwa ni zile tu zinazofanana na ibuprofeni. Akiandika "yaani ibuprofeni", mfasiri amefunga orodha kabisa, na mgonjwa mwenye diklofenaki mfukoni atajiona yuko salama. "Yaani" hufafanua kitu kilekile kwa maneno mengine. "Kwa mfano", "mathalani" na "kama vile" huchota baadhi ya vitu na kuacha vingine nyuma. Mahali ambapo kosa linaweza kuumiza, ni heri kuongeza maneno: "Usitumie dawa hii pamoja na dawa nyingine yoyote ya kutuliza maumivu, ibuprofeni ikiwa mojawapo." Sentensi imerefuka kidogo, lakini haina tundu la kupenyea.

Eneo la tatu ni sheria. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, na sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zikahitaji kufasiriwa. Watunga sheria wa Kiingereza wanalipenda sana "as if", lakini kwao halina shaka yoyote, ni amri. Katika sheria za kuasili mtoto zilizotokana na mapokeo ya Uingereza, mtoto aliyeasiliwa huchukuliwa "as if" amezaliwa na wazazi waliomwasili. Ukiandika "kana kwamba amezaliwa nao", msomaji anasikia mwangwi wa "lakini si wao", na haki ya mtoto inaanza kutiliwa mashaka katika sentensi iliyotungwa kuilinda. Hapo Kiswahili kina msamiati wake imara: "atahesabiwa kuwa mtoto wao wa kuzaa", "itachukuliwa kuwa". Vitenzi hivi vinaamuru, havidhanii.

Napendekeza basi tuwe na istilahi tatu badala ya "kama" moja. "Mlinganisho wa kudhania" uwe jina la kazi inayofanywa na "kana kwamba", "utadhani" na "kama aliye-". "Utoaji mfano" uwe kazi ya "kama vile", "kwa mfano" na "mathalani". "Uhesabishaji wa kisheria" uwe kazi ya "kuhesabiwa kuwa" na "kuchukuliwa kuwa". Mwalimu akizifundisha hivi, mwanafunzi hatapaswa kukariri kwamba "as if" ni "kana kwamba". Atajifunza kuuliza nani anadhani, na kama msemaji anakubaliana naye. Jibu la swali hilo ndilo litakalomchagulia kiunganishi, na ndilo litakalomwokoa mama wa dukani asizuliwe biashara iliyofilisika, na mgonjwa asimeze dawa mbili zisizopaswa kukutana.