Tunguu la Nargisi

Mwezi wa Machi ukielekea kuisha, nyasi za Central Park jijini New York bado zina rangi ya majani makavu, na miti mingi haijatoa hata jani moja. Hapo ndipo nargisi huchanua. Kila kikonyo hubeba ua lililoinama kidogo, vipande sita vya manjano vikizunguka kitu mfano wa tarumbeta fupi. Watu ambao bado wamevaa makoti mazito husimama kuyatazama, kwa kuwa baada ya miezi ya theluji hiyo ni miongoni mwa rangi za kwanza kutoka ardhini.

Nargisi nyingi za mji huo zina asili moja. Baada ya shambulio la Septemba 11, 2001, Mholanzi mmoja mfanyabiashara wa maua, Hans van Waardenburg, aliupelekea mji huo zawadi ya mamia ya maelfu ya vitu vya kupandwa. Watu waliojitolea wakavifukia katika bustani za umma majira hayohayo ya kupukutika majani, na mwaka 2002 baridi ilipoisha, mji uliofiwa ukachanua manjano. Mwaka 2007 nargisi ikatangazwa kuwa ua rasmi la New York.

Lakini Mholanzi yule alipeleka nini hasa? Hakupeleka maua, wala miche. Mtafsiri wa Kiswahili akifika hapa kalamu husita. Yupo atakayeandika mbegu, yupo atakayeandika kiazi, na yupo atakayefuata sauti ya Kiingereza na kuandika balbu. Istilahi yake katika biolojia ya Kiswahili ni tunguu. Yakiwa mengi, matunguu. Ni neno zuri, nalo linastahili kutumiwa zaidi ya linavyotumiwa sasa.

Balbu ndiyo ya kuachwa kwanza. Kwa msomaji wa Kiswahili balbu ni taa: inaungua, inabadilishwa, inauzwa duka la vifaa vya umeme. Ukimwambia kwamba maelfu ya balbu yalifukiwa bustanini, ataona vioo na nyaya. Mbegu ina utetezi kidogo, kwa sababu mkulima husema mbegu za mihogo na mbegu za viazi bila kosa, akimaanisha chochote kinachopandwa. Hata hivyo mbegu hasa hutokana na ua lililochavushwa, na nargisi iliyopandwa kwa mbegu hiyo huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Kilichopandwa kabla ya baridi kimechanua baada ya miezi michache. Hicho si mbegu. Kiazi nacho ukikikata ni nyama tupu, hakina tabaka juu ya tabaka.

Mwenye shaka achukue kitunguu maji, akikate kwa urefu kuanzia kwenye ndevu za mizizi hadi juu kwenye ncha. Chini ataona kisahani kigumu cheupe: hilo ndilo shina, fupi mno. Juu ya kisahani hicho yamekumbatiana matabaka manene yenye maji. Hayo ni majani, au tuseme vitako vya majani, vilivyonenepa kwa chakula kilichowekwa akiba. Katikati, hasa kama kitunguu kimesahauliwa jikoni kwa wiki nyingi, kuna kijani kinachosukuma kwenda juu. Nje kuna ganda la kahawia jembamba kama karatasi. Tunguu la nargisi lina umbo hilohilo, pamoja na jambo moja la ajabu: linapofukiwa kabla ya baridi, ua la mwaka unaofuata limekwisha kuumbwa ndani yake, dogo mno, limekunjwa katikati ya matabaka.

Hapo uhusiano wa maneno unajieleza wenyewe. Kikapu kwa kapu, kitunguu kwa tunguu: kiambishi ki- kimepunguza kitu kikubwa kikawa cha kushikwa mkononi. Mtoto wa darasa la tano ambaye hajawahi kuona nargisi akiambiwa kwamba ua hilo huota kutoka kwenye tunguu, nusu ya maelezo ameshayapata jikoni kwao. Msomaji wa Unguja huenda akafikiria kwanza Tunguu ile yenye kampasi ya chuo kikuu cha SUZA, lakini sentensi moja tu inatosha kumrudisha bustanini.

Lugha nyingine nazo zimepita njia hiyo ya jikoni. Neno la Kiingereza ambalo sisi tumelipokea kama jina la taa lina asili ya Kigiriki, bolbos, lililotumika kwa vitunguu na mimea ya jinsi hiyo. Taa ilipewa jina baadaye sana, kwa kufanana umbo. Wales, ambako nargisi huvaliwa kifuani kila Machi 1, Siku ya Mtakatifu David, ua hilo huitwa cenhinen Bedr, yaani liki ya Petro. Na liki ni ndugu wa kitunguu.

Wanabotania wamechelewa kidogo kuyafikia majina hayo. Katika uainishaji uliotolewa mwaka 2009, unaofuata ushahidi wa vinasaba, jamii ya nargisi, Amaryllidaceae, ilipanuliwa ikaingiza vitunguu na vitunguu saumu. Kwa hiyo tunguu la nargisi na kitunguu cha sokoni ni jamaa wa ukoo mmoja, kwa sayansi na kwa Kiswahili.

Undugu huo una hatari yake, na hapa mwandishi wa istilahi hana ruhusa ya kunyamaza. Tunguu la nargisi lina sumu. Kemikali iliyomo, likorini, humfanya aliyelila atapike na kuumwa tumbo baada ya muda mfupi. Mwaka 2009 huko Suffolk, Uingereza, watoto wa shule walipika supu kwa mboga za bustani yao, na tunguu la nargisi likaingia sufuriani kwa kudhaniwa kitunguu. Baadhi yao waliugua. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliyaomba maduka makubwa yaweke nargisi mbali na matunda na mboga. Waholanzi walipopatwa na njaa kali katika baridi ya 1944 na 1945, waliokoa maisha kwa kula matunguu ya tulipu. Ya nargisi hayakuwa chakula. Mmea huohuo, hata hivyo, hutoa galantamini, dawa inayotumika kwa wagonjwa wa Alzheimer, na wapo wakulima wa Wales wanaoulima milimani kwa ajili hiyo.

Tunguu halielezeki vizuri bila majira yake. Nargisi nyingi huhitaji takriban miezi mitatu hadi minne ya baridi ardhini ndipo kikonyo kirefuke na kusukuma ua nje. Ndiyo maana zawadi ya mwaka 2001 ilibidi ifukiwe kabla ardhi haijaganda. Kipindi cha kuchanua ni majira ya machipuko. Baadhi ya watafsiri hukiita masika, kwa kuwa Machi hadi Mei ni masika kwetu. Miezi imepatana, lakini sababu hazipatani: masika ni mvua, machipuko ni kuondoka kwa baridi. Nargisi ya namna hiyo iliyopandwa Mombasa itapata mvua yote inayoitaka na isichanue, maana baridi inayoisubiri haiji.

Afrika Mashariki ina matunguu yake yanayosubiri mvua kweli. Scadoxus multiflorus, ua jekundu la duara kama mpira lenye nyuzinyuzi nyingi, hukaa ardhini kimya wakati wa kiangazi, kisha mvua za kwanza zikinyesha hujitokeza, mara nyingi kabla ya majani yake. Ni la jamii ileile ya nargisi. Sumu yake nayo ni kali. Katika sehemu kadhaa za Afrika imetumika kwenye mishale.

Mwalimu wa biolojia, mtafsiri wa kitabu cha bustani na mwandishi wa maelekezo kwenye pakiti za maua waandike tunguu, bila kulifungia ndani ya mabano. Na likiwa la nargisi, waongeze kando yake neno moja: haliliwi.